Kliniki ya meno ya umma: jino limetoka salama ila hakuna aliyeniuliza (nyota 2 kati ya 5)

Nianze na kinachostahili sifa, usafi upo. Vifaa vimefunguliwa kwenye pakiti mbele ya macho yangu, glavu mpya, na dada wa mapokezi anaongea na watu vizuri. Foleni ni ndefu lakini hiyo siwalaumu, wagonjwa wengi madaktari wachache.

Shida ni kwenye kiti. Nilienda na gego la chini kulia, siku nne usiku silali, daktari akaangalia na kile kioo sekunde chache akasema "hili tunatoa", nikamuuliza haliwezi kuzibwa au kusafishwa mzizi, akajibu limeshaharibika, hakuna eksirei hakuna maelezo, sindano ikaingia. Alafu ganzi haijashika kashaanza. Jamani gego la chini sio kama meno ya juu, mfupa wa taya la chini ni mgumu ganzi haipenyi kirahisi, ndo maana wanachoma kule nyuma karibu na mshipa wa fahamu na lazima wasubiri dakika kadhaa. Mdomo wa chini upande ule ukiguswa na bado unahisi, ujue haijashika. Mimi nilikuwa nahisi mdomo wote! Nikanyoosha mkono nikaambiwa vumilia tunamaliza. Mtu ana koleo kinywani atasema kwa njia gani nyingine? Mkono ukiinuliwa daktari anatakiwa asimame, aulize, aongeze ganzi.

Nikatoka nimeng'ata pamba, machozi yananitoka, mkononi kikaratasi kimeandikwa 46 basi.

Hiyo 46 ndo imekuja kunisaidia. Kinywa wanakigawa robo nne, tarakimu ya kwanza ni robo, ya pili ni jino la ngapi kuhesabu kutoka katikati, kwahiyo 46 ni chini kulia jino la sita. Dirishani nilipolalamika kwa mdomo niliambiwa niandike niweke kwenye sanduku la maoni, na lile sanduku kufuli lake limeshika kutu. Sikuweka. Niliandika barua ya ukurasa mmoja, tarehe, saa, jino 46, nilichouliza na nilichojibiwa, nikaomba vitu vitatu tu: nakala ya faili langu, sababu ya kutopigwa eksirei, na kwanini hakusimama nilipoinua mkono. Nakala yangu nikagongewa mhuri wa kupokelewa, bila mhuri nisingeondoka pale.

Siku ya 9 nikaitwa na msimamizi wa kitengo. Huyu mama namsifu kwa moyo wote. Alifungua faili tukasoma pamoja, imeandikwa "mgonjwa ameridhia", nikamwambia mama mimi sijaridhia chochote, sijaulizwa. Akanyamaza kidogo, akachukua kalamu akanichorea jino, akaonyesha kwa maelezo yaliyomo kwamba ufa ulishuka mpaka chini ya fizi na jino la hivyo mara nyingi haliokoleki. Dakika tano hazijafika nikaelewa, na ningeambiwa hivi siku ile ningekubali mwenyewe ling'olewe. Hiki ndo kinachoniuma kuliko hata maumivu yenyewe.

Akaniomba radhi, nakala ya faili nikapewa. Ila alisema kueleza "tunajitahidi watu wakiwa wachache", hapo hatukukubaliana. Kuelezwa ukakubali au ukakataa ni haki, Chama cha Madaktari Duniani waliiandika wenyewe kwenye Azimio la Lisbon mwaka 1981, na humo humo kuna haki ya kutafuta maoni ya daktari mwingine hatua yoyote ya matibabu. Haijaandikwa foleni ikiwa fupi.

Nyota moja ni ya usafi, nyingine ya yule mama. Jumatatu narudi wakaangalie la jirani yake, 47, na maswali yangu nimeshayaandika kwenye karatasi nitamkabidhi daktari kabla sijafungua kinywa.