Tahadhari: mikanda ya skuta iliyokwisha kutumika inauzwa Pemba kama mipya

Assalamu alaikum, ndugu zangu. Ninaandika kuwatahadharisha wenye skuta wote wa Pemba juu ya muuzaji wa vipuri katika mji wa Chake Chake ambaye anauza mikanda mikuukuu (ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye tairi la nyuma) iliyopakwa weusi na kutiwa ndani ya maboksi mapya. Mkanda wake ukianza kulia, humuuzia mteja dawa ya kupulizia, na dawa ikishauharibu zaidi, humwambia kwamba puli (magurudumu mawili yanayozungukwa na mkanda) na klachi zimekufa na anunue seti nzima. Mimi nimepita hatua zote hizo isipokuwa ya mwisho, na hiyo nimeepushwa na fundi wangu wa Wete. Jina la duka sitalitaja, kwa sababu malalamiko yangu nimeyapeleka Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar na sipendi kuyatangulia maamuzi yao, lakini namna anavyofanya nitaieleza yote ili anayekutana naye amtambue kwa matendo.

Skuta yangu ni ya Kichina, ya cc 125, yenye injini ya GY6 kama zilivyo nyingi za bei nafuu tunazoziona barabarani. Mkanda wake huandikwa 743-20-30, yaani urefu wa milimita 743 kwa nje, upana wa milimita 20 na mteremko wa nyuzi 30 kwenye mbavu, yaani pande zake mbili. Ziko GY6 nyengine zinazotumia 842-20-30 kwa sababu kava lao, yaani kifuniko cha mkanda, ni refu zaidi, kwa hivyo namba isomwe kwenye mkanda wa zamani kabla ya kununua, isikisiwe kwa macho. Mimi niliisoma, nikampelekea muuzaji picha kwa simu, naye akanijibu kwamba anao mpya kabisa kwa shilingi 30,000. Nikaufuata mwenyewe Chake, nikaufunga siku ile ile kwa fundi wa jirani na duka, nikarudi Wete nikiwa na furaha.

Siku ya pili asubuhi skuta ikaanza kulia. Ulikuwa mlio mwembamba, mkali, unaotoka upande wa kushoto kila ninapoondoka na kila ninapopanda kilima, na hunyamaza nikishapata mwendo tambarare. Nilipompigia simu muuzaji akanambia kwa upole sana kwamba mkanda mpya hulia mpaka uzoeane na puli, na kwamba anayo dawa maalumu ya shilingi 10,000 ya kuuharakisha uzoee. Nikainunua. Nikaipulizia kama alivyonielekeza, kwenye mbavu za mkanda, na mlio ukanyamaza kweli. Ulinyamaza siku tatu. Siku ya nne, nikiwa nimembeba mwanangu wa skuli nyuma, skuta ilipandisha resi (injini ikazunguka kwa kasi) katikati ya kilima huku mwendo ukishuka, na harufu ya mpira ulioungua ikatujia mpaka mtoto akaniuliza kama tunaungua. Tulishuka tukaisukuma.

Hapo ndipo muuzaji aliponambia, bila hata kuiona skuta, kwamba puli zote mbili na klachi zimekwisha na ananiwekea seti kwa shilingi 190,000.

Ni vyema nieleze kwa nini maneno yale ya «kuzoeana» si ya kweli, kwa sababu ndiyo yanayowanasa watu. Mkanda wa skuta haushiki kwa meno. Yale meno ya ndani ni ya kuuwezesha ujikunje na upoe. Kazi yote hubebwa na mbavu zake mbili, ambazo hubanwa na nyuso za puli ya mbele na ya nyuma. Ukiwa na mbavu safi, kavu na za upana unaotakiwa, hushika bila ya kelele. Ukiwa mwembamba kupita kiasi, au mbavu zikiwa zimeng'ara kama kioo, au zikiwa na mafuta, huteleza, na kule kuteleza ndiko tunakokusikia kama mlio na ndiko kunakozaa moto unaoula mpira. Kwa hiyo mkanda unaolia una sababu, na sababu hiyo haiondoki kwa kupuliziwa kitu. Vilima vyetu vya Pemba navyo havina huruma na mkanda dhaifu: mwenye kupita njia za tambarare peke yake anaweza kukaa na mkanda mbovu miezi asijue.

Fundi wangu wa Wete alipofungua kava, alianza kwa kunionesha unga mweusi uliojaa pembeni, mwingi kuliko ule ambao mkanda wa wiki moja ungeweza kuutoa. Kisha akautoa mkanda, akachukua kitambaa cheupe, akakilowesha kwa spiriti na kuufuta mgongoni. Kitambaa kikatoka cheusi tititi, kinateleza vidoleni kama kilichofutiwa tairi lililong'arishwa. Chini ya weusi ule mkanda ulikuwa wa kijivujivu na umechakaa. Akaukunja kinyume kwa vidole viwili, na kwenye vibonde vya baina ya meno nikaona nyufa ndogo nyembamba kama unywele, na ndani ya nyufa zile umeshindiliwa unga wa zamani ambao aliyeupaka rangi hakuuwahi. Alipoupima upana kwa venia, kile kifaa cha kupimia milimita, kipimo kikasoma milimita 18.6. Mkanda uliouzwa kwangu kuwa mpya wa milimita 20! Kila aina ya skuta ina kiwango chake cha mwisho kilichoandikwa kwenye kitabu, lakini fundi huyu mkanda wa 20 huutupa ukishuka chini ya 19, bila ya kujali sura yake.

Weusi ule una mafuta, na hiyo ndiyo sababu ya mlio wa mwanzo. «Dawa» nayo ilikuwa ya mafuta, ikatuliza kelele kwa kulainisha, kisha ikauacha mkanda uteleze na kuungua. Puli hazikuwa na kosa lolote: alizisugua kwa spiriti na brashi mpaka zikakauka, akapitisha msasa mwembamba kwenye viatu vya klachi (vipande vyake vinavyoshika) vilivyokuwa vimeng'ara, akafunga mkanda nilioununua duka jengine kwa shilingi 45,000. Hadi leo ninapoandika, skuta haijalia.

Kwa wale ambao skuta zao zinalia sasa na hawajui pa kuanzia, msikubali kuuziwa chochote kabla ya kujua mlio unatoka wapi. Isimamisheni skuta kwenye stendi ya kati, iwasheni, msikilize ikiwa imetulia, na jihadharini na kanzu na mitandio karibu na tairi la nyuma. Mkanda huzunguka hata skuta ikiwa imesimama, kwa hivyo mlio wa mfululizo unaopanda na kushuka pamoja na resi, usiobadilika kwa mzigo wala kwa kilima, mara nyingi ni wa beringi. Unaotokea pale tu skuta inapoanza kuondoka, kisha ukakatika, mara nyingi ni wa viatu vya klachi, na dawa yake ni usafi na msasa. Unaotokea skuta inapobeba mzigo au inapopanda, huku resi ikizidi mwendo, ndio wa mkanda unaoteleza. Wakati wa masika hutokea pia mkanda ukalia dakika chache baada ya kupita maji mengi, kisha ukanyamaza ukishakauka. Huo hauna neno, ila ukiendelea, kava lifunguliwe.

Kava likishafunguliwa, jambo la kwanza la kutazamwa ni mafuta. Ikiwa sili (mpira wa kuzuia mafuta) ya kranki, yaani shafti kuu ya injini, iliyo nyuma ya puli ya mbele inavuja, au ile ya giaboksi upande wa nyuma, mkanda wowote utakaofungwa utalia, hata uwe mzuri vipi, mpaka sili ibadilishwe. Mkanda wenyewe usafishwe kwa kitambaa kikavu tu, na puli kwa spiriti. Petroli iwekwe mbali na mpira, na grisi isiguse nyuso za puli kabisa. Mkanda ukiwa na mshale, uelekee upande unaozunguka puli.

Kuna kosa moja la ufungaji ambalo nalo huzaa mlio, na nalieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu huyu muuzaji hulitumia kuwalaumu mafundi wa watu. Kabla ya kukaza nati ya puli ya mbele, ile puli ya nyuma lazima itanuliwe kwa mikono na mkanda usukumwe uzame ndani kabisa, ili upande wa mbele ulegee. Usipozama, mkanda hubanwa baina ya nyuso mbili za puli ya mbele, nati hujihisi imekaza kumbe imeukaza mpira, na baada ya safari chache hulegea na kuanza kuila shafti. Mulizeni fundi wenu kama amelifanya hilo. Anayejua kazi atakujibuni kwa kukuonesheni.

Mkiwa dukani, msiridhike na boksi. Boksi langu lilikuwa jipya na limeandikwa vizuri, ila mdomo wake ulikuwa umebanwa kwa pini za stepla badala ya kugundishwa, jambo ambalo nililiona na nikalipuuza. Utoeni mkanda, muufute kwa kitambaa cheupe, muukunje kinyume mtazame baina ya meno, na mumuombe muuzaji venia. Namba ya kwenye mkanda na ya kwenye boksi ziwe moja. Risiti itaje namba ya mkanda na neno «mpya», kwa sababu mimi nilipourudisha nilijibiwa kwamba kitu kikishafungwa hakirudi na kwamba huenda nimewaletea mkanda wangu wa zamani, na nisingekuwa na ujumbe wake wa simu nisingekuwa na hoja.

Nilipoanza kuwauliza watu nikagundua kwamba siko peke yangu. Kijana mmoja wa bodaboda wa Wete aliuziwa mkanda huo huo na dawa hiyo hiyo, akanunua na seti, na mkanda ukamkatikia akiwa na abiria, mama mjamzito anayekwenda hospitali, usiku, mahali pasipo na nyumba. Walisalimika, alhamdulillahi, lakini yule mama ilimbidi atembee. Hilo ndilo lililonifanya niandike, kwani fedha zangu ningeweza kuzisamehe.

Walionunua mkanda katika duka la Chake miezi hii na skuta zao zikaanza kulia ndani ya wiki ya kwanza, nawaomba wasiutupe mkanda wala boksi wala chupa ya dawa. Vitunzeni pamoja na risiti na ujumbe wa simu, muvipeleke Tume, kwa sababu malalamiko ya watu watano yana uzito kuliko yangu peke yangu. Mkanda niliouziwa ninao, haujafutwa upande mmoja kwa makusudi ili weusi ule uonekane. Mwenye wake na awe nao tayari, tuvilinganishe kabla hatujavikabidhi.