Gamu ya zanthani kwa sosi ya pilipili: gramu 2 kwa lita

Unga huu wa kufanya sosi iwe nzito (kwenye lebo za vyakula huandikwa E415) hutokana na ute wa bakteria Xanthomonas campestris waliolishwa sukari kwenye tangi lenye hewa nyingi. Ute hugandishwa kwa alkoholi, ukakaushwa na kusagwa. Kwa pilipili au ukwaju, naupendelea kuliko wanga wa mahindi: siki na chumvi haviudhoofishi, wala hauhitaji moto. Usiumwage mkavu majini. Nje hulowa haraka na kuzuia maji kupenya, ndipo yanapotokea madonge yenye unga mkavu ndani. Uchanganye kwanza na kijiko cha mafuta, kisha umimine taratibu blenda ikizunguka. Ukifika gramu 5 kwa lita, sosi huvutika kama mlenda. Mizani ya kawaida ya jikoni hukosea kwenye gramu 2. Tafuta inayosoma gramu 0.1.