Hotidogi ya chili yenye moshi: smoki, soseji mbichi au moshi wa chupa?

Karibuni. Mezani hapa kuna pakiti ya smoki, yaani soseji iliyokwisha kupikwa kiwandani, pakiti ya soseji mbichi za ng'ombe, kichupa cha moshi wa maji, kikopo cha paprika ya moshi (unga wa pilipili nyekundu zilizokaushwa kwa moshi) na mikate ya hotidogi. Nje, pale karibu na mlango, jiko la makaa limeshawashwa. Swali letu leo ni kwamba, ukitaka hotidogi ya chili yenye moshi na ukali wa kweli hapa Nakuru, pesa zako uziweke wapi? Jibu nalitoa mapema ili mwenye haraka aende zake. Weka pesa kwenye nyama na mkate. Moshi utautoa kwenye kaa moja la jiko, tena utautia kwenye chili, soseji uiache ilivyo.

Tuelewane kwanza kuhusu hiyo chili: si pilipili, ni mchuzi mzito wa nyama ya kusaga wa kumwagia soseji. Hotidogi hii ni ya Marekani, na kila mji una mtindo wake. Detroit, kule Michigan, soseji humwagiwa mchuzi laini wa nyama ya kusaga usio na maharagwe, kisha haradali na kitunguu kibichi kilichokatwakatwa. Cincinnati, Ohio, ambako mkahawa wa Empress ulifunguliwa mwaka wa 1922 na ndugu waliohamia kutoka Makedonia, mchuzi hutiwa mdalasini na juu yake ukarundikwa jibini iliyokunwa. Kwa wote wawili nyama ni chembechembe ndogo, haina mabonge. Hilo ndilo watu wengi hukosea nyumbani: wanapika mchuzi wa nyama ya kusaga wa kulia ugali, wanaumwaga juu ya soseji, ukiuma mara moja nusu imeshaanguka kwenye sahani.

Haya, smoki. Toroli la smoki halikosekani jioni mjini Nakuru, wala Kisumu, wala Kakamega, kwa hivyo smoki pasua, ile ya kachumbari, na smocha, ile ya ndani ya chapati, sina haja ya kuzieleza zaidi. Uzuri wa smoki ni kwamba imeshapikwa na kupitishwa moshi kiwandani, kazi yako ni kuipasha tu. Lakini moshi wake ni wa mbali. Ukishaifunika kwa chili yenye jira na kitunguu saumu, huusikii tena. Na ina chumvi nyingi. Soma pakiti kabla ya kulipa: viungo huorodheshwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Nyama ikitangulia, sawa. Maji na wanga yakiwa yanaifukuzia nyama pale mwanzoni, rudisha kwenye friji ya duka, maana hiyo italegea mdomoni, haina mkato ukiiuma.

Wavuni iweke nzima. Wauzaji huipasua wakati wa kutia kachumbari, na wewe subiri hivyohivyo. Ukiipasua kabla, mafuta yanadondokea makaa, miali inaruka, na unachopata ni masizi. Dakika 4 hadi 5 zinatosha, ukiigeuza, juu ya moto wa wastani. Weka kiganja shubiri moja juu ya wavu: ukivumilia sekunde 4 au 5, huo ndio wastani. Ukikiondoa mara moja, moto bado ni mkali.

Soseji mbichi inataka subira zaidi, na inailipa. Kosa lake kubwa ni kuitupa kwenye mafuta yaliyochemka. Ngozi inakauka na kukaza upesi, maji ya ndani yanageuka mvuke, nyama inavimba, inapasuka ubavuni. Kuna wanaoitoboa kwa uma ili isipasuke. Haipasuki, ni kweli, lakini mafuta na utamu umeshavitoa vyote. Fanya hivi: pasha maji kwenye sufuria mpaka uone vipovu vidogo vimekaa chini, yasitokote, uiache soseji humo dakika 10. Halafu wavuni dakika 3 ipate rangi. Mwenye kipimajoto cha jikoni ahakikishe katikati imefika nyuzi 71 za Selsiasi, kwa sababu nyama ikisagwa vijidudu vya juu huchanganyika mpaka ndani, na rangi ya nje haikwambii lolote kuhusu ndani.

Kati ya hizo mbili, kwa ladha naipa soseji mbichi ya ng'ombe. Smoki ni ya siku una wageni kumi na jiko moja.

Sasa chili yenyewe, na hapa kalamu iwe karibu. Vipimo hivi ni vya hotidogi 8. Nyama ya ng'ombe ya kusaga gramu 400, umwambie wa buchani aisage mara mbili na aache mafuta kidogo. Nyama kavu isiyo na mafuta hutoa chili ya changachanga. Vitunguu maji 2 vya wastani, saumu punje 4, nyanya ya pakiti gramu 70, jira ya unga kijiko cha chai kimoja na nusu, paprika vijiko vya chai 2, mdalasini ncha ya kijiko tu, siki kijiko kikubwa 1, sukari nusu kijiko cha chai, maji mililita 400.

Nyama usiikaange. Najua mkono unataka kuikaanga. Itie mbichi kwenye sufuria, mimina yale maji yakiwa baridi, uivuruge kwa mkono au mwiko mpaka maji yawe kama uji wa rangi ya waridi na pasiwe na bonge hata moja. Ndipo uwashe moto. Nyama ikikutana na kikaango cha moto hujikaza na kushikana, na mabonge hayo hutayavunja tena. Kwenye maji baridi hupata joto polepole ikiwa imeshatawanyika. Povu likipanda, liengue kidogo, si lazima ulimalize.

Kwa kikaango kingine, kaanga vitunguu kwa vijiko vikubwa 2 vya mafuta mpaka vianze kuwa vya kahawia, dakika 8 hivi, tia saumu, kisha punguza moto utie jira na paprika. Sekunde 30, usizidishe. Harufu ya viungo hivi huyeyukia kwenye mafuta, ndiyo maana vikitiwa moja kwa moja kwenye maji huwa kama vumbi. Lakini paprika ina sukari na huungua haraka sana: ikigeuka kahawia iliyokoza, mwaga uanze tena, uchungu wake haufichiki. Fuatisha nyanya ya pakiti, ikaange mpaka wekundu wake ukolee na mafuta yaanze kujitenga, umimine yote kwenye sufuria ya nyama.

Chemsha kwa moto mdogo. Nakuru tuko juu, mita 1,850 hivi kutoka usawa wa bahari, na maji hutokota kwenye nyuzi 94 hivi. Kisumu, iliyo mita 1,130 hivi, ni karibu 96. Kwa hivyo hapa nipe dakika 50, Kisumu 40. Robo saa ya mwisho ondoa kifuniko. Kipimo cha kuwa tayari: pitisha mwiko chini ya sufuria, mstari ukikaa sekunde 2 kabla ya kujifunga, zima. Ukijifunga papo hapo, mkate utalowa. Usipojifunga kabisa, ongeza maji vijiko vikubwa 2. Siki, sukari na chumvi huingia hapo mwisho, na chumvi uionje pamoja na kipande cha soseji au smoki utakayotumia, usiionje chili peke yake.

Anayetaka maharagwe ayachemshe kando mpaka yalainike kabisa. Ukiyatia magumu kwenye nyanya, ile asidi huyazuia kulainika, na kwa mwinuko wa hapa utayasubiri mpaka kesho.

Tuje kwa moshi, maana ndiyo bidhaa tuliyokuja kuipima. Paprika ya moshi asili yake ni Uhispania, bonde la La Vera, ambako pilipili hukaushwa kwa moshi wa kuni za mwaloni. Ni nzuri. Ina moshi wa upole na rangi inayoipendeza nyama. Ipo kwenye baadhi ya supamaketi kubwa, lakini angalia maandishi: kuna paprika ya kawaida kwenye kikopo kinachofanana nayo kabisa, ambayo ina rangi tu bila moshi wowote. Ukiipata na bei ikakufaa, nunua, inakaa miezi mingi mbali na jua. Usipoipata, tumia ya kawaida, kaa litafidia.

Moshi wa chupa ni moshi wa kuni halisi uliopozwa ukawa maji. Si sumu wala si ulaghai, ila ni mkali ajabu. Kwa nyama gramu 400, robo ya kijiko cha chai ndiyo mwisho, na hutiwa chili ikiwa imeshaiva. Ukizidisha matone machache, chakula kinanuka kama nguo za mtu aliyelala jikoni kwenye kuni. Na moshi huo haupunguziki, hata ukiongeza nyanya. Kwa anayeishi ghorofani asiye na makaa, kichupa hiki kinafaa. Kwa mwenye jiko, ni pesa za bure.

Kaa lenyewe ni hivi. Chagua kaa la mti, ukubwa wa yai, liwe jekundu pande zote na limeanza kuvaa majivu meupe. Penye doa jeusi bado panatoa moshi mchungu. Usitumie yale makaa ya vumbi yaliyobanwa, kwa sababu gundi na udongo wake vina harufu yake, na jiko lililowashwa kwa mafuta ya taa au karatasi za nailoni lisikaribie sufuria hii. Weka kibakuli kidogo cha chuma katikati ya chili, kielee au kikae juu ya kipande cha kitunguu. Kwa koleo weka kaa ndani, dondoshea nusu kijiko cha chai cha samli, funika mara moja, kifuniko kibane. Dakika 4. Wahindi wa Kenya wanaujua sana ujanja huu kwenye dengu na nyama. Ukifika dakika 10 umeshavuka, ulimi unaanza kukauka. Waliokulia kwenye mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyu yenye ladha ya moshi, watasema dakika 4 ni chache, basi nao waende 6.

Jiko la makaa likae nje au mlangoni penye upepo, usilifungie ndani hata kama mvua inanyesha. Hewa yake yenye sumu haina harufu wala rangi.

Ukali huja mwisho. Pilipili mbuzi 2, uzichome wavuni mpaka ngozi iwe nyeusi, umenye, uondoe ule utando mweupe wa ndani. Ukali mwingi umekaa kwenye utando huo kuliko kwenye mbegu. Kwa kuuondoa unabaki na harufu yake nzuri na moto wa kuvumilika. Katakata, tia kwenye chili dakika 5 kabla ya kuipua. Paka mafuta vidoleni kabla ya kuzishika, na macho usiyaguse. Atakayezidiwa apewe mala au maziwa. Maji hayasaidii, ukali wa pilipili hauyeyuki kwenye maji.

Mkate: wa jana ni bora kuliko wa leo, ule laini mno hulowa. Pima urefu dukani, soseji ifike ncha zote mbili. Ufungue bila kuutenganisha, paka siagi ndani, uubandike kwenye kikaango dakika 1. Hilo tabaka la kahawia ndilo linalozuia mchuzi. Chapati nayo inakubali, smocha ya chili si mbaya hata kidogo, ila chili iwe nzito zaidi na usijaze.

Soseji kwanza, chili vijiko vikubwa 3, haradali mstari mmoja, kitunguu kibichi. Ukitaka kachumbari, kamua nyanya mbegu na maji yake yote kwanza. Jibini itiwe chili ikiwa ya moto kabisa, la sivyo inabaki nyuzi kavu.

Chili iliyobaki hukaa siku 3 kwenye friji na siku ya pili huwa tamu zaidi. Mafuta yatakuwa yameganda juu, toa nusu yake. Ipashe kwa moto mdogo na maji kidogo, mpaka ichemke kabisa, wala usiiwekee kaa jingine.