Mtori wangu umegeuzwa supu ya maboga: uzoefu wangu na madizaina wa Arusha

Nyota moja, na hiyo moja ni ya herufi. Habari za herufi nitazieleza nikipoa.

Nina tovuti ndogo ya mapishi ya kwetu Kilimanjaro: kiburu, machalari, kitawa, na zaidi ya vyote mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Miezi kadhaa nyuma nikawapa kazi ofisi moja ya Arusha, siitaji jina, wazipendezeshe makala zangu ili mtu akifungua asikimbie. Basi. Sikuwaomba wanifundishe kupika.

Makala ya mtori ilikuwa na picha niliyoipiga mwenyewe. Mtori si chakula cha kujipodoa. Ndizi mshare zikishaiva na nyama na kupondwa, unapata kitu kizito chenye rangi ambayo hata sijui niiiteje, iko kati ya maziwa na kijivu. Kwa hiyo niliweka bakuli karibu na dirisha asubuhi, mwanga ukiingia ubavuni. Chakula kisicho na rangi kinaokolewa na kivuli: mwanga wa pembeni ndio unaoonyesha uzito wake, vipande vya nyama vilivyojificha, na siagi inayong'aa juu. Ukipiga na flashi ya simu, vyote hivyo vinapotea.

Siku kazi imekabidhiwa, nafungua simu, nakutana na supu ya maboga. Ya rangi ya chungwa! Katikati imezungushiwa krimu, juu mbegu za maboga na kijani ambacho sikipandi wala sikijui, pembeni kitambaa cha kitani. Wameichukua kwenye picha za bure za mtandaoni. Na juu yake kichwa changu mimi: "Mtori wa Mzazi", yaani ule anaopikiwa mama aliyejifungua. Mzazi gani wa Old Moshi aliwahi kuletewa kitu hicho kitandani?

Nikapiga simu. Akapokea kijana, hata shikamoo hakuna, sawa, siku hizi tumezoea. Nikamwambia ile picha si mtori. Akanijibu, "Dada, ile yako imepoa sana. Hii inabamba." Nikamwambia tena, taratibu, kwamba hicho ni chakula kingine kabisa. Akacheka. "Sasa dada, nani atajua?"

Nani atajua! Mkoa mzima wa Kilimanjaro utajua. Na yeye yuko Arusha, si Ulaya. Ashuke tu hapo soko la Kilombero aulize ndizi za mtori ni zipi, ataonyeshwa na mtoto.

Na walijua kweli. Wa nyumbani waliniandikia kunicheka, hilo nalimeza. Walioniuma ni wageni, watu wasiowahi kuonja mtori, walioiamini ile picha. Mmoja aliniuliza ni kiungo gani kinatoa ile rangi. Mwingine, maskini, alikuwa ameongeza karoti mpaka nyama haionekani, na rangi bado haijafika. Hao ndio wasomaji waliovutwa. Wamevutwa kweli, wamefika, wamenunua nyama kwa hela yao, wamepika, wamekasirika. Unadhani wakiona kiburu changu kesho watabofya?

Kijana hakuishia hapo. Akanisomea ushahidi, eti wataalamu wamethibitisha kwamba watu mtandaoni hawasomi. Hiyo naijua. Ni Jakob Nielsen, mtafiti wa namna watu wanavyotumia tovuti, mwaka 1997: kati ya watu waliopimwa, asilimia 79 walikuwa wanapitisha macho tu kwenye kila ukurasa mpya, na asilimia 16 ndio waliosoma neno kwa neno. Lakini kijana kasoma nusu. Kazi hiyohiyo ilijaribu pia kuandika upya ukurasa mmoja kwa namna mbalimbali, na uliofanya vizuri kupita zote, kwa asilimia 124 juu ya ule wa mwanzo, ni ule uliofupishwa, ukagawanywa jicho lipate pa kushika, na ukaondolewa majigambo. Majigambo! Na supu ya maboga yenye jina la mtori ni nini kama si hayo?

Halafu uzito. Picha yenyewe imepandishwa ikiwa nzima, ya upana wa bango la barabarani, kwa ajili ya kioo cha simu. Shangazi yangu wa Marangu anafungua kwa bando la siku; anaona weupe, anasubiri, anafunga. Kupunguza picha ifike upana wa pikseli elfu moja na kitu, ukaihifadhi kwa WebP, muundo mwepesi wa picha za mtandaoni, ni kazi ya dakika chache. Nimelipa hela ya watu wanaojua hilo.

Sasa herufi, kwa sababu nimesema nitakuwa mkweli. Herufi wameziweza. Wamezikuza, wameachanisha mistari, wameondoa ule ukijivu wa mtindo wa siku hizi unaomlazimisha mtu wa makamo atafute miwani. Miongozo ya W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, inataka tofauti ya mwangaza ya angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake. Hawa wameivuka mbali. Aya zimekatwa, vichwa vidogo vimeingia, na mahitaji yamewekwa kwenye kisanduku chake pale juu, ili mtu aliyesimama sokoni Mbuyuni na kapu asome ndizi ngapi bila kupitia historia ya bibi yangu. Hiyo ni akili. Makala ya kiburu, ambayo picha yake hawakuigusa, inasomwa mpaka mwisho kuliko zamani, naona mwenyewe kwenye takwimu za tovuti. Kwa hiyo nyota tatu. Ningetoa hata nne.

Ila subiri. Baada ya kelele zangu walirudisha picha yangu kwenye makala, nikatulia. Juzi dada yangu ananitumia kiungo WhatsApp, na kile kidirisha kinachotokea chini yake kina nini? Maboga! Kumbe picha ya kidirisha hicho hupangwa mahali pake, ndani ya msimbo wa ukurasa, tofauti na ile inayoonekana kwenye makala, na hakuna aliyejisumbua kuibadilisha. Yaani wasomaji wangu wengi, ambao huja kwa WhatsApp, bado wanakaribishwa na krimu. Nimepiga simu tena. Kijana yuleyule. "Dada, bado tu uko na ile supu?"

Nyota mbili. Ukiwa na makala zenye maneno mengi yanayochosha macho, nenda kwao, sitanii, ila picha zako uwaandikie kwenye mkataba kwamba haziguswi, na kabla ya kulipa jitumie kiungo mwenyewe WhatsApp uone kinachotokea. Salio lao ninalo kwenye M-Pesa, nimelitenga. Kidirisha kikibadilika asubuhi, mchana watalipwa. Na huyo kijana aje Moshi, nitampikia mtori, kwa sababu nimeanza kuamini hajawahi kuula.