Mmachinga kwa machinga: viatu vya mtumba Soko la Machinga, Dodoma

Nijitambulishe kwanza, maana bila hilo maoni haya hayatanoga. Mimi ni Mmachinga wa damu, yaani wa kabila, kwetu Mchinga, kaskazini ya mji wa Lindi ukifuata pwani, na sijawahi kuuza hata karanga. Nimeajiriwa serikalini, ofisi zetu ziko Mtumba, kwenye Mji wa Serikali hapa Dodoma. Ndiyo, nafanya kazi Mtumba na navaa mtumba. Utani huo nimeshausikia, msihangaike.

Kibanda chenyewe kiko ndani ya Soko la Machinga, lile ambalo Jiji liliwahamishia wachuuzi wa katikati ya mji mwaka 2022. Pita nguo za watoto, pita ndoo na mabeseni, ukikuta kijana kapanga viatu vya kike kwa rangi badala ya saizi, umefika. Mpangilio huo unaudhi kweli. Unakipenda kiatu cha kahawia, unakigeuza, kumbe 36, na mguu wangu mimi ni 41. Lakini mzigo wake ni safi. Soli anaikunja mbele ya macho yako, na kilichoanza kubanduka anakuonyesha mwenyewe kabla hujauliza. Nilichochukua ni ngozi tupu, si plastiki iliyopakwa rangi. Alianzia 25,000, tukavutana mpaka 18,000.

Katika kuvutana huko nikajaribu undugu. "Kaka, nipunguzie bwana, hata mimi Mmachinga."

Akautazama mkoba wangu, akakitazama kitambulisho cha kazi shingoni. "Kumbe! Meza yako iko upande gani, dada?"

Yeye ni Mgogo wa Kongwa, kanipokea kwa "Mbukwa", na machinga ni yeye. Mimi niliyerithi jina kwa babu ndiye niliyebaki kujieleza. Basi nikamweleza, naye akiendelea kupaka kiwi. Wamachinga ni kabila la Lindi, majirani wa Wamwera. Vijana wa kusini walikimbilia Dar es Salaam kutafuta maisha, na biashara ilipolegezwa miaka ya 1980, mitumba na vikorokoro vya dukani vikamiminika. Mtaji wa kupanga fremu hawakuwa nao, kwa hiyo duka lilikuwa mkono: mashati begani, mikanda shingoni, mguu na njia. Wenyeji wa Dar hawakuwa na muda wa kuchambua nani Mwera, nani Mmakonde. Wote wakaitwa Wamachinga. Baadaye jina likaliacha kabila likashika kazi. Mchaga akitembeza soksi ni machinga, Msukuma akiuza chaja ni machinga, na herufi kubwa ikapotelea njiani.

Kijana akasema yeye anavyojua ni Kiingereza, "marching guys", watu wanaotembea kama askari gwarideni. Maelezo hayo yanapendwa sana, na mimi yananikera sana. Kabila lilikuwepo kabla soksi ya kwanza haijatembezwa Kariakoo! Na huko Malawi, kwa Wayao, iko wilaya nzima inaitwa Machinga. Sidhani nako waliipata kwa gwaride. Mtu asiyetujua alisikia jina, akalitafutia baba wa kizungu.

Kuitwa mchuuzi hakuniudhi, kuna matusi mabaya zaidi ya kufanya kazi. Ila tunachekesha. Serikali ilipotoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo mwaka 2018, kwa shilingi 20,000, watu wakaviita vitambulisho vya machinga, na mjomba wangu kule kijijini akauliza kwa hasira kwa nini auziwe kabila lake mwenyewe.

Somo lote hilo halikunishushia hata mia. "Hainilipi, dada yangu," akasema, na akanifungia viatu.

Sasa kasoro. Chenji asubuhi hana, ingawa lipa namba kaibandika mezani. Risiti usiulize. Ukitaka kurudisha, anakubadilishia kwa kiatu kingine, pesa harudishi. Jozi niliyomchukulia dada yangu gundi iliachia upande mmoja, nikaipeleka kwa fundi viatu akaishona kwa 2,000. Si mbaya, lakini ile kukunja soli kwa mbwembwe haikuiona.

Kwa jirani yake kuna mama anauza sketi za ofisini, nzuri, za 5,000 hadi 8,000. Chumba cha kujaribia hakuna, anakuzungushia kanga na kukusifia hata pale zipu inapogoma kupanda. Vaa taiti kabisa kutoka nyumbani.

Nyota nne. Ile ya tano amekoseshwa na mpangilio wa rangi. Muulize mapema lini anafungua belo jipya, na uwahi kabla ya jua la Dodoma halijapanda. Mnaovaa 37 mpaka 39 ndio mnaogombania. Sisi wa 41 tunakuja hata saa kumi jioni.