Picha ya rangi za mafuta kutoka kwa mchora vibonzo wa Lamu: uzoefu wangu

Nilichonunua ni picha ya rangi za mafuta juu ya turubai, upana sentimita 80 na kimo 60: abiria wa boti wakivuka kutoka Mokowe, upande wa bara, kuja Amu, yaani mji wetu wa Lamu. Aliyeichora ni kijana wa hapa ambaye wengi wanamjua kwa vibonzo. Hukaa karibu na uwanja wa Mkunguni. Ukimpa dakika chache anakuchora una kichwa kama boga na miguu ya kuku, unacheka, unalipa, unakwenda zako. Kumbe ana turubai nyumbani. Tulipatana shilingi 18,000, nusu mbele na nusu kazi ikiisha, fremu mbali.

Mbele kakaa mama wa buibui amempakata mtoto, kando yake bibi mwenye kapu, na kijana kalala juu ya gunia. Mpangilio huo ameuiga kwa Daumier na wala hafichi. Daumier alikuwa Mfaransa wa Marseille, mzaliwa wa 1808, na riziki yake ilikuwa vibonzo vya magazetini. Mwaka 1832 alifungwa kwa kumchora Mfalme Louis-Philippe kama jitu linalomeza fedha za raia. Picha za mafuta alizichora pembeni, na maonyesho yake makubwa yalikuja 1878, mwaka mmoja kabla hajafa. Picha yake ya abiria wa daraja la tatu kwenye treni, ya miaka ya 1860, iko New York, haijamalizika, na mistari ya miraba aliyopimia bado inaonekana. Nimeitazama sana kwenye simu, na naona kijana wetu kaelewa alichokiiga.

Mikono ya yule bibi peke yake ina thamani ya pesa zangu. Vifundo vimetuna, gumba limekandamiza ukili wa kapu, na yote ni mapigo manne matano ya kahawia na moja jeupe. Ukisogea karibu huoni kitu ila rangi iliyovurugwa. Rudi nyuma kidogo, mkono huo hapo. Aliyezoea kumnasa mtu kabla hajainuka kwenye kiti hana muda wa kupoteza brashi.

Sasa kasoro. Nahodha aliyesimama nyuma kapewa pua ya mzaha. Mke wangu aliitazama akaniuliza, "Baba Salma, huyu nahodha au kasuku?" Nilimrudishia kijana, akaipunguza, ila rangi ilikuwa bado mbichi, kwa hiyo anga lililo nyuma ya kichwa limechafuka kijivu. Mgeni haoni. Mimi naona kila nikinywa kahawa.

Tena aliniletea mapema mno. Rangi ya mafuta hukauka mafuta yake yakivuta hewa, na palipopakwa nene huchukua wiki nyingi. Buibui lilikuwa bado linanata, vumbi likajishikia. Alitaka kuipaka vanishi papo hapo ing'are. Nikakataa, maana vanishi husubiri miezi sita au zaidi.

Kwa wenye nyumba za mawe kama yangu: kuta zetu za matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kutoa chumvi. Nimegongomea vipande vya mti nyuma ya fremu ili hewa ipite. Misumari ya fremu yenyewe imeshaanza kutu, kwa hiyo mwambieni seremala atie skrubu za shaba.

Mkimwagizia, takeni kwanza mchoro wa makaa, na semeni wazi atie chumvi kiasi gani kwenye sura za watu. Picha ya marehemu babu yangu simpi. Soko la samaki, punda wa gati, watu waliobanana botini, hayo nampa hata kesho.