Laptopu yangu ilikuwa inapungua chaji ikiwa imezimwa: fundi wa Mtaa wa Aggrey

Kwa karibu miezi miwili nilikuwa nazima laptopu usiku ikiwa na chaji asilimia 96, asubuhi nikifika shuleni naikuta 70 na kitu. Nazima kabisa, siyo kufunika tu. Nafundisha sekondari huku Mbagala, na darasani kwangu hakuna soketi, kwa hiyo chaji niliyotoka nayo nyumbani ndiyo ya kutwa nzima.

Duka la kwanza nililokwenda Kariakoo hawakuiwasha hata. "Betri imekufa, lete laki na ishirini." Nilishaanza kuzitafuta hizo hela, mwalimu mwenzangu akanizuia, akanielekeza kwa fundi mwingine, Mtaa wa Aggrey, ghorofani juu ya maduka ya simu.

Huyu aliiwasha kwanza. Akafungua lile dirisha jeusi la Windows, akaandika powercfg /batteryreport, amri inayotengeneza ripoti ya betri, kisha akaifungua ripoti hiyo. Akanionyesha kwa kidole: betri ilitoka kiwandani na uwezo wa 48,000 (kwa mWh, kipimo cha umeme unaohifadhiwa), sasa inajaa hadi 41,300. "Mwalimu, betri hii bado nzima. Kuna kitu kinainyonya." Akaniomba niiache.

Nilichompendea ni kwamba alibadilisha kitu kimoja kimoja. Akabandika kipande cha plasta nyeupe kwenye mfuniko, akawa anaandika juu yake asilimia na saa kila anapozima na kuwasha. Usiku wa kwanza alizima ule uwashaji wa haraka wa Windows (Fast Startup), ambao hauizimi mashine kabisa na kila mtu huusingizia. Asubuhi chaji ilikuwa imeshuka vilevile. Usiku wa pili, wakati anafunga duka, taa zimeshazimwa, akaona mwanga mdogo wa bluu pembeni ya laptopu. Ni modemu yangu. Laptopu imezimwa, modemu inawaka!

Kumbe laptopu nyingi zina tundu moja la USB linaloendelea kutoa umeme hata mashine ikiwa imezimwa, ili mtu aweze kuchajia simu. Modemu yangu ilikuwa inakaa humo siku zote, inakula usiku kucha ndani ya begi. Fundi aliingia kwenye BIOS, mipangilio ya ndani ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijaanza (kwangu ni kubonyeza F1 inapowaka, nyingine ni F2), akaondoa ruhusa ya tundu hilo kutoa umeme wa betri wakati mashine imezimwa. Akailaza usiku mmoja zaidi kuhakikisha. Plasta hiyo sijaibandua: 96, 71; 95, 70; halafu 96, 96.

Nimelipa elfu ishirini. Kasoro zipo. Aliniahidi Jumatano, nikaipata Alhamisi, na siku hiyo moja ilinigharimu kwa sababu nilikuwa najaza alama za wanafunzi. Ngazi zina giza, hakuna pa kukaa, na risiti hadi uidai. Lakini nisingemshauri mtu anunue betri mpya kabla ya kumpelekea huyu, maana ile ya laki na ishirini nayo ingenyonywa vilevile, nami ningeamini nimeuziwa feki.

Wiki ya tatu sasa. Ijumaa niliizima ikiwa 94, modemu ikiwa palepale. Jumatatu nimeikuta 93.